Kazi ya Kupanga Usafiri: Kijana Aliyehitimu Aanzie Wapi?



Ukimwambia mtu hapa Mombasa kwamba wewe ni mpangaji, atakuuliza walipa kodi ngapi. Kwa hivyo tuseme lote: mpangaji wa usafiri. Huyu ndiye anayeshauri barabara ipite wapi, steji ikae wapi, feri ziwe ngapi, na mwenda kwa miguu avuke vipi. Wengi wenu mmemaliza chuo na hamjawahi kufikiria kuwa hii ni kazi ya mshahara.

Tazameni kivuko chetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Hapo ndipo unaelewa kwamba idadi ya abiria si mambo ya makaratasi tu. Disemba 2020 likazinduliwa daraja la kuelea la Liwatoni kwa waendao kwa miguu. Lakini meli zilikuwa zikipita papo hapo, na daraja ilibidi lifunguliwe katikati. Saa ya meli kupita ilikuwa saa ya mtu kungoja. Kupima haki ya huyu na ya yule, ndiyo kazi yenyewe.

Somo la kwanza ni hili: hesabu watu, usihesabu magari peke yake. Matatu ya abiria 14 ikijaa, na gari dogo lenye dereva pekee, kwa hesabu ya magari ni moja kwa moja. Anayetembea ni sufuri. Mama anayempeleka mtoto shule, akapitia sokoni, kisha akaenda kibaruani, amelipa nauli tatu, lakini kwenye ripoti unaweza kukuta ameandikwa safari moja tu ya kwenda kazini. Jamani, asiyehesabiwa hapangiwi.

Sasa, uanzie wapi? Si lazima uwe umesomea mipango miji. Uhandisi, jiografia, uchumi, takwimu, zote zina mlango. Hata mwenye diploma ana nafasi kwenye kukusanya takwimu na kuchora ramani. Tume ya Utumishi wa Umma ina mafunzo ya kazini ya miezi 12 kwa wahitimu. Fuatilia matangazo yake. Kisha jua barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini ziko KURA, na Katiba ya 2010 imeipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma. Ukipeleka barua ofisi isiyohusika, itakaa kabatini.

Usingoje kuajiriwa ndio uanze. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia na steji. Ramani ya matatu za Nairobi ikatoka 2014. Steji na njia zilikuwepo miaka yote. Hakukuwa na mtu aliyekaa akaziandika zote pamoja.

Wewe chukua makutano mamoja, Buxton au Kongowea. Nenda siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa. Kila dakika 15 andika: matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni, magari madogo, waendao kwa miguu. Andika pia mtu wa kiti cha magurudumu amekwama wapi. Ingiza kwenye jedwali, chora ramani kwa programu ya QGIS, ambayo ni ya bure. Andika kurasa mbili: umeona nini, na nini kibadilishwe kwanza. Ukiitwa kwa mahojiano ya kazi, hiyo ndiyo utaweka mezani kando ya cheti.

Na kikiitwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, nenda nayo pia. Kulalamika foleni tumelalamika sana, na tunaitikiwa kwa kichwa tu. Lakini ukisimama ukasema kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi wamevuka hapa watu kadhaa na hakuna kivuko cha miguu, afisa itabidi akujibu kwa nambari.

Kwa hivyo wiki hii, watu wawili wawili, chagueni makutano yenu. Daftari na kalamu zatosha.