Kibofu Kilichokosa Habari



Jioni ya leo twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja. Jambo lenyewe ni maradhi ya kibofu cha mkojo yatokanayo na kuumia kwa mishipa ya fahamu. Haya yake imewafungia watu wengi ndani ya nyumba, na wengine imewaua, hali msaada ulikuwapo. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Basi na tulitoe uwanjani tulitazame.

Kwanza yafaa tujue desturi ya kibofu kizima. Kibofu ni mfuko wa misuli, nao kwa mtu mzima huweka mkojo wa kadiri ya nusu lita. Chini yake mna mlango, na misuli iubanayo mlango ule ni kama bawabu. Mfuko ukijaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari, mfano wa matarishi, kwa njia ya kamba iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, mpaka kwenye ubongo. Ubongo hujibu, ama "Ngoja," ama "Fungua." Ruhusa ikitolewa, mambo mawili hutendeka pamoja: mfuko hujibana, na bawabu hulegeza mlango.

Je, njia ya matarishi ikikatika? Tuseme mtu ameanguka kutoka juu ya mnazi, na kamba ile ya mgongoni imeumia. Miguu yake haina nguvu, na hilo kila mtu huliona. Lakini kibofu nacho kimekosa habari, na hilo halionekani. Majuma ya kwanza kibofu hulala tu. Hujaa wala hakijibani. Baadaye, ikiwa jeraha liko juu, huweza kuanza kujibana chenyewe pasipo amri, na bawabu naye akabana wakati ule ule. Ndipo mkojo, usipopata njia, husukumwa kurudi kwenye mafigo. Ikiwa jeraha liko chini kabisa, mara nyingi kibofu hubaki kimelegea kama kiriba, kikajaa hata kikafurika.

Sababu si ajali peke yake. Wako watoto wazaliwao na mgongo wazi. Kisukari cha siku nyingi hudhoofisha mishipa ya fahamu. Tena kuna kiharusi, na kifua kikuu kilichoshika mifupa ya mgongo, na uvimbe, na hata kichocho, mayai yake yakifika kwenye kamba ya mgongoni. Katika hayo yote hamna uvivu wala uchawi.

Sasa twafika kwenye kosa kubwa. Watu wakimwona mgonjwa avuja mkojo, husema, "Kibofu chake hakiweki kitu, mpunguzieni maji." Mara nyingi kweli ni kinyume chake. Mtungi uliojaa pomoni ndio umwagikao. Matone yale huenda yakawa ni furiko la kibofu kisichomalizika kamwe. Mkojo uliobaki huotesha vijidudu na vijiwe, na msukumo wake huharibu mafigo polepole, pasipo maumivu. Nayo mafigo yakishakufa hayafufuki. Kumnyima mgonjwa maji ni kumzidishia hatari.

Katika Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, askari wengi waliovunjika mgongo walikufa kwa maradhi ya mkojo na vidonda vya kulala kitandani. Mwaka 1944 Dokta Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani, alianza kuwatunza watu wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Akakiangalia kibofu kwa bidii kama alivyoiangalia ngozi, na wengi wakaishi. Kisha mwaka 1972, huko Marekani, Dokta Jack Lapides na wenzake walitangaza neno lililowashangaza waganga: mgonjwa aweza kujitoa mkojo mwenyewe nyumbani, kwa mpira mwembamba na mikono safi. Lililo kubwa ni kutokiacha kibofu kijae kupita kiasi.

Na njia yenyewe ni hii. Mgonjwa hufundishwa kwanza na mganga au muuguzi. Hunawa mikono kwa sabuni na maji, husafisha mahali penyewe, huingiza mpira taratibu bila kulazimisha, hungoja mkojo uishe, kisha huutoa. Hufanya hivyo mara nne hata sita kwa siku, kwa saa zilizopangwa, pasipo kungoja dalili. Mpira wa mtu mmoja hautumiwi na mwingine. Mtoto mdogo husaidiwa na mama yake, hata akikua akajifunza. Kibofu kinachojibana ovyo kina dawa za kukituliza, na mganga ndiye azichaguaye. Tena mafigo yapimwe kila baada ya muda. Wala mtu asikamue tumbo kwa mikono bila shauri la mganga.

Homa, kutetemeka, au mkojo wa damu ni amri ya kwenda hospitali. Aliyeumia mgongo upande wa juu akishikwa ghafula na kichwa kikali na jasho, mketisheni wima, tazameni kama mpira umejikunja au kibofu kimejaa, mkampeleke upesi. Tena mtu aumwaye mgongo, akishindwa ghafula kukojoa na kufa ganzi kati ya mapaja, asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Kwa mgongo wazi iko kinga. Mgongo wa mtoto hufungika katika mwezi wa kwanza wa mimba, kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Kwa hiyo mwanamke atakaye kuzaa na ameze vidonge vya foliki asidi tangu kabla ya kushika mimba. Hupunguza sana hatari hiyo.

Nanyi walimu, mkiwa na mwanafunzi aombaye ruhusa kwa saa zake, mpeni, na maji na sabuni viwepo. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Yeye atunza mafigo yake kwa saa, kama baharia atunzavyo chombo chake, akitoa maji kabla hayajamzamisha.