Bei ya Insulini na Kalamu ya Daktari



Tumeombwa kuzungumza juu ya haki katika matibabu, nasi tumechagua ugonjwa mmoja tu, kisukari, kwa sababu mwenye kisukari hanunui dawa akapona. Huinunua maisha yake yote. Na yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, mara nyingi mtoto au kijana, akiikosa kwa siku chache hupoteza uhai.

Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata insulini kutoka katika kongosho la mnyama. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Mwaka 1923 wavumbuzi waliuza haki ya uvumbuzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi.

Yaliyofuata ni mengine. Mwaka 1996 kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilitoa insulini ya aina mpya iitwayo Humalog, chupa moja kwa dola 21 hivi. Kufikia mwaka 2019 chupa ile ile, yenye dawa ile ile, ilikuwa na bei ya dola 275 hivi. Hatujasikia kwamba chupa iliongezeka ukubwa. Kampuni tatu, yaani hiyo, Novo Nordisk ya Denmark na Sanofi ya Ufaransa, zimeshika karibu soko lote la insulini duniani. Katika nchi tajiri namna ile, wako wagonjwa waliojipunja dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na wako waliokufa kwa kufanya hivyo. Wazazi na wagonjwa walipaza sauti miaka mingi. Ndipo sheria ya mwaka 2022 ilipoweka ukomo wa dola 35 kwa mwezi kwa wenye bima ya wazee ya serikali, na mwaka 2023 kampuni zenyewe zikatangaza kupunguza bei. Kumbe iliwezekana!

Lakini bei humfikia mgonjwa kwa kupitia kalamu ya daktari. Insulini ya binadamu, itengenezwayo kwa msaada wa bakteria na kuuzwa tangu mwaka 1982, iliachwa na madaktari wengi wa nchi tajiri, wakaandika zile mpya. Tuseme kweli: hizo mpya zina faida, hasa kwa wanaoshukiwa na sukari usiku, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zile zidumuzo muda mrefu katika orodha ya dawa muhimu. Hata hivyo wengi waliopata kisukari ukubwani hutibiwa vema kwa ile ya zamani, kwa gharama ndogo zaidi. Na kabla ya sindano kuna vidonge vya metfomini, vilivyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957, navyo ni rahisi hata leo.

Tusidhani mambo haya yako mbali nasi Waafrika. Mwaka 2024 hospitali za serikali za Afrika Kusini zilikosa kalamu za sindano za insulini ya binadamu, baada ya Novo Nordisk kutoendelea na mkataba wa kuzileta. Wagonjwa wakarudishwa kwenye chupa na bomba la sindano, jambo gumu kwa mzee asiyeona vizuri. Wakati huo huo kampuni hiyo ilikuwa ikivuna fedha nyingi kwa Ozempic, dawa ya kisukari ambayo matajiri waliigombania kwa kupunguza unene.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, aliwaonya wenye kung'ang'ania mno haki ya uvumbuzi, hasa katika mambo ya afya.

Kwa hiyo tunawaomba wauguzi na waganga walio kati yetu waandike jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara, na wamwulize mgonjwa kama ataweza kuinunua mwezi ujao pia. Kamati za parokia nazo ziorodheshe bei ya insulini na metfomini katika kila duka la dawa la jirani, na kuuliza ni nani mwenye jokofu, kwa maana wengine huhifadhi chupa zao katika mtungi wa maji. Orodha hizo tuzilete katika kikao kijacho, ili tuzipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya tukiwa na tarakimu mkononi.