Moyo wa Mwenye Kungoja Majibu

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, tunamshukuru katika siha na tunamshukuru katika maradhi, na tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi akina mama na vijana wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siku za raha na katika siku za wasiwasi.

Wasiwasi tunaotaka kuuzungumzia leo una jina lake na una tarehe yake. Ni wasiwasi wa mtu aliyepasuliwa akaondolewa tezi dume kwa ajili ya saratani. Tumchukue mzee mmoja, mkulima wa mahindi na nyanya wa hapa Kalenga, katika bonde la Mto Ruaha Mdogo. Amepasuliwa salama, kidonda kimepona, mpira wa mkojo umetolewa, naye amerejea kwake akapokewa kwa dua. Majirani wapita wakimwamkia kamwene, naye aitikia kamwene, nao huenda zao wakisema mzee amekwisha pona. Wasilolijua ni kwamba ameambiwa arudi baada ya majuma sita au manane kutolewa damu, na kwamba tangu siku ile hapati usingizi wa maana. Kisu hakukiogopa, aiogopa karatasi.

Maradhi haya ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana wanaume wa nchi yetu, khasa waliokwisha pita umri wa miaka 50. Hata hivyo kwa muda mrefu yalikuwa hayatajwi mbele za watu, kwa kuwa yapo mahali pa sitara. Kwa sababu hiyo twaona ni jambo la kushukuriwa lililotokea mwaka 2014. Tarehe 8 Novemba mwaka huo Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Jakaya Mrisho Kikwete, alipasuliwa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Na aliporejea nyumbani mwishoni mwa mwezi aliwaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa ni saratani, akawahimiza wanaume wakapime. Wako waliosema kwamba mkubwa hupata hospitali ya ng'ambo na mdogo hupata foleni. Neno hilo lina ukweli wake, wala hatulikanushi. Lakini mkuu wa nchi alipolitaja kwa kinywa chake jina la maradhi ambayo mkulima wa Kalenga huyaficha hata kwa mkewe, alimwondolea mkulima huyo sehemu ya mzigo. Kabla yake Mzee Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini alitibiwa saratani hiyohiyo kwa mionzi mwaka 2001, watu wakajulishwa, naye akaishi hata Desemba 2013 akiwa na umri wa miaka 95.

Sasa yatupasa kukijua hicho kinachongojwa, kwani nusu ya hofu hutokana na kutojua. Kipimo hiki huitwa PSA. Chembe za tezi dume hutengeneza protini, na kiasi kidogo cha protini hiyo huingia katika damu. Tezi ikisha kuondolewa yote, protini ile haina tena pa kutokea, basi hupungua siku hata siku mpaka mashine isiione. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa angoje majuma yale sita au manane: akipimwa mapema mno, damu yaweza kuwa bado ina mabaki, akatishika bure. Madaktari hutaraji kuona kipimo kilicho chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita moja ya damu. Kikifika 0.2 au zaidi, nacho kikathibitishwa kwa kupimwa mara ya pili, ndipo husema kwamba huenda chembe za maradhi zimesalia mahali. Zingatieni neno hilo la mara ya pili. Karatasi moja haihukumu. Mashine za maabara hutofautiana, na kwa hiyo ni bora mtu apime mahali pamoja kila mara kuliko kuzunguka mji na mji akikusanya tarakimu zisizopatana.

Tena kipimo hiki hakimaliziki kwa siku moja. Katika miaka ya mwanzo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na baadaye kila mwaka. Maana yake ni kwamba wasiwasi nao hurudi kwa msimu, kama baridi ya Iringa ya mwezi wa Juni: hujulikana utakuja lini, na haufai kukutwa bila blanketi.

Hapa pana swali ambalo waumini wengi hujiuliza kwa siri, nalo latuumiza tunapolisikia. Je, huku kukosa usingizi si upungufu wa imani? Je, mwenye kumtegemea Mungu hutetemeka kwa ajili ya karatasi? Ndugu zangu, ikumbukeni habari ya mama yake Nabii Musa, iliyosimuliwa katika Sura ya Al-Qasas. Mwanamke yule aliamrishwa amtie mwanawe mtoni, akaahidiwa na Mola wake kwamba mtoto atarudishwa kwake. Ahadi hiyo ilitoka kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe, si kwa daktari wala kwa mganga. Pamoja na hayo asubuhi yake moyo wake haukuwa na kitu ila mwanawe, akakaribia kuitoa siri, mpaka Mola akautia nguvu. Naye alifanya nini? Alimtuma dada wa mtoto afuate ukingoni, atazame kwa mbali, alete habari. Alikuwa na ahadi, na juu ya ahadi akatuma mtu. Ikiwa mama wa Mtume alipatwa na hali ile, wala hakulaumiwa, sisi ni nani hata tumlaumu mzee anayehesabu siku za majibu yake? Na tena, ikiwa yeye alitafuta habari, basi kwenda kupima na kuuliza ni katika kutegemea, hakupingani nako.

Linalolaumiwa ni jingine. Ni mtu kuacha kwenda kabisa. Tarehe hufika, naye asema shamba lataka palizi. Tarehe ya pili hufika, naye asema nimemwachia Mungu. Huko si kumwachia Mungu, huko ni kukimbia kwa kujificha nyuma ya jina Lake. Sayyidna Umar aliporudi njiani asiingie Sham penye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Na maana ya jibu lake ni kwamba kule anakoelekea nako ni katika kadari Yake. Hospitali nayo imo katika kadari, na kipimo kimo katika kadari. Yuko pia wa upande wa pili: yeye apima kila mwezi, kisha kila juma, na kila tarakimu ikicheza kidogo hubadilika rangi. Huyu aongeza hofu kwa gharama kubwa.

Bonde hili letu lina historia ya kungoja. Ngome ya Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na Mtwa Mkwawa akafariki mwaka 1898. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwapa Wajerumani miezi sita kulirudisha fuvu lake. Lilirudi mwaka 1954, likaletwa na Gavana Edward Twining, nalo lipo katika makumbusho ya hapahapa. Miezi sita iligeuka miaka 35! Hatulinganishi fuvu na karatasi ya hospitali. Twasema tu kwamba katika miaka ile watu wa Kalenga hawakukaa barabarani kutazama njia. Walilima, walioa, walizaa na kuwafundisha watoto wao, na habari hiyo waliendelea kuiuliza. Mgonjwa anayengoja naye na alime kadiri ya nguvu zake. Siku za katikati si za majibu, ni zake.

Kuna jambo ambalo huwatenga wazee hawa na msikiti, na kwa kuwa ni la fikihi hatuna budi kulisema bila kuona haya. Baada ya upasuaji huu wengi huvuja mkojo kwa majuma au miezi, na wachache kwa muda mrefu zaidi. Mzee huona nguo yake haiko safi, basi huacha sala ya jamaa, na wengine huacha sala yenyewe, wakati uleule ambapo moyo wake waihitaji sala kuliko wakati wowote. Dini haikumtaka hivyo. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, mwenye udhuru huu hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi safi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha huswali upesi faradhi yake na sunna azitakazo. Kikimtoka kitu katikati ya sala, sala yake ni sahihi. Kwa faradhi nyingine hurudia hivyo. Na amwulize daktari au muuguzi juu ya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kwani huwasaidia wengi. Nguvu za unyumba nazo huweza kupungua, kwa kuwa mishipa ya fahamu ihusikayo hupita kandokando ya tezi. Mume asimfiche mkewe jambo hili kwa kununa, wala mke asidhani amechukiwa. Lina matibabu yake, na tabibu hulisikia kila siku.

Tukimtaja mke, tukumbuke kwamba yeye naye angoja. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba bwana ameacha kula, au agombana na wajukuu kwa jambo dogo. Kumwambia mtu asiwe na wasiwasi hakujamwondolea mtu wasiwasi. Kukaa naye jioni akasema linalomtisha, mara moja, kwa maneno yake, hupunguza. Vijana mlioko masomoni Mbeya na Dar es Salaam, nanyi mna sehemu yenu. Msipige simu watoto sita kwa siku moja mkiuliza majibu ya baba yametoka au bado. Achagueni mmoja awe mwenye kuuliza, awaarifu wengine. Na karatasi ikitoka msimfiche mwenyewe. Twaona familia zinazolipokea jibu zikalifungia kabatini kwa huruma, mzee akabaki kuyasoma majibu katika nyuso za wanawe. Na mara nyingi huyasoma vibaya kuliko yalivyo.

Na kama kipimo kimepanda? Hatutaki kumdanganya mtu katika mimbari. Huwa kinapanda kwa baadhi yao, na habari hiyo ni nzito. Lakini ijulikane uzito wake kwa kiasi chake. Madaktari wa hospitali ileile ya Johns Hopkins walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wao juu ya wanaume 1,997 waliopasuliwa hivyo. Katika hao, 315 kipimo kilipanda baadaye. Waliwafuata bila kuwapa dawa za homoni mapema, nao wakakadiria kwamba nusu yao walipita miaka 8 tangu kipimo kupanda kabla maradhi hayajaonekana mahali pengine mwilini. Si wote walio sawa, kwani kwa wengine kipimo hupanda kwa kasi, na hao huhitaji haraka. Hata hivyo, kupanda kwa tarakimu si mauti, wala si maumivu. Ni habari iliyofika mapema. Matibabu ya mionzi yanaweza kufuata, nayo hufaa zaidi yakianzwa kipimo kingali chini. Kwetu mionzi hupatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, na tiba hiyo huchukua majuma, kwa hiyo fedha ya nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya tiba. Yule aliyeikimbia tarehe ya kupima ndiye anayeipoteza nafasi hii.

Kwa hiyo mgonjwa aende hospitali na mtu mwenye masikio mazuri, kwani mwenye hofu husikia neno la kwanza tu. Aulize kabla ya kutolewa damu: majibu yatatoka siku gani, nani atanieleza, na yakiwa hivi au vile tutafanya nini. Ayaandike majibu hayo katika daftari moja, na kila karatasi mpya aiweke humo na tarehe yake. Akijua hatua itakayofuata, usiku hupungua urefu.

Nasi jamaa wa msikiti tusingoje kuitwa. Katika safu zetu yumo ambaye tarehe yake ni juma lijalo, na hakutuambia. Asiyeonekana katika sala tatu mfululizo aendewe nyumbani, si kwa kumpeleleza maradhi yake, bali kwa kumjulia hali. Na akihitaji mtu wa kufuatana naye hospitalini mjini Iringa, apatikane kabla ya kutoka hapa. Imamu atabaki kibarazani baada ya sala kwa ajili hiyo, na mtu aweza kumwambia peke yake.

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi na Waislamu wote, awaponye wagonjwa wetu, na awatulize nyoyo wanaongoja. Amin.