Jiliwa Kuukuu Lisiuzwe kwa Kilo
(Maneno yaliyosemwa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze habari za vyuma ninavyokusanya. Najua wengine mnacheka, mtumishi wa Serikali mwenye digrii kuonekana Igogo akipekua marundo ya chuma chakavu. Ninachotafuta ni majiliwa, au vaisi kama mafundi wasemavyo.

Mwanza ni mahali pake hasa. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ikavuka Ziwa kwa meli. Reli yetu ilifika hapa mwaka 1928. Meli, mabehewa na vinu vya pamba vilihitaji karakana, na karakana bila jiliwa ni chumba tu.

Kulitambua, anza ubavuni. Herufi zimemiminwa pamoja na chuma chenyewe, kwa hiyo kwangua uchafu polepole. Record ni la Sheffield, Uingereza, nayo yalianza kutengenezwa mwaka 1909. Namba yake si uzito wala mwaka: No. 3 ina mataya ya upana wa inchi 4, No. 5 inchi 5. Parkinson lilitoka Shipley, Yorkshire. Rangi ya buluu isikudanganye, kopo la rangi hununuliwa na yeyote. Wilton la Chicago, kampuni iliyoanza mwaka 1941, mara nyingi limepigwa chapa ya tarehe chini ya sehemu inayoteleza. Huku kwetu sijapata hata moja, mkiliona msilipite.

Sasa uzima wake. Ligonge kwa nyundo ndogo: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Lifungue nusu, ushike taya la mbele ulitikise. Zungusha mpini, ukienda mbali kabla taya halijasogea, nati imelika. Meno yaliyosagika si ugonjwa, maana vibao vyake hufungwa kwa skurubu na hubadilishwa. Wala msifulie chuma juu ya mataya kwa nyundo nzito. Chuma cha kumimina hupasuka. Kazi hiyo ni ya jiliwa la mguu la wahunzi, lililofuliwa, ambalo mguu wake hufika chini na kupeleka pigo ardhini.

Kutu itolewe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Anayepitisha mashine ya kusaga juu ya herufi amefuta cheti cha kuzaliwa.

Nasema haya kwa sababu katika orodha ya mali za shule zinazopendekezwa kufutwa nimesoma: "vaisi mbovu, 6." Orodha za namna hiyo nazifahamu kwa kazi yangu; zikishapita kwenye kamati, mnunuzi huja na mzani. Asubuhi hii nimeyakagua yote. Manne ni Record No. 5, yamesagika meno tu. La tano limelika nati, na nati huchongwa na fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza. La sita limepasuka kweli, na hilo liende.

Ndugu Mkuu wa Shule, naomba matano yaondolewe kwenye orodha kabla kamati haijakaa. Vibao vya meno na nati tutavilipia sisi wa zamani; Mweka Hazina ameshakubali, ingawa kwa kuguna. Wanafunzi wanaotaka kujifunza kuyafungua waje karakana Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi na matambara. Mafuta ya taa nitaleta mimi.