Kisiki Kinachochipua: Tuliyojifunza katika Msitu Mdogo wa Uingereza

(Hotuba kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo)



Tunataka kuwaeleza habari za safari yetu. Tungeweza kuzungumzia London na majumba yake, lakini hayo mmekwisha kuyasikia kwa wengi. Tumechagua mahali padogo ambapo hata Waingereza wengi hawajapata kupaona: msitu uitwao Bradfield Woods, katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ukubwa wake ni yapata hekta 80 tu. Mtu mwenye afya anaweza kuuzunguka asubuhi moja na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, ndani ya msitu huo tulikuta swali ambalo tume yetu hujiuliza kila siku: ardhi ikiwa ya mtu mmoja kwa hati, je, wengine hawana neno juu yake?

Tuliyoyaona

Tulifika mwezi wa Aprili, baridi ikiwa bado haijaondoka. Tulitoka mji wa Bury St Edmunds tukapita katikati ya mashamba mapana ya ngano. Jimbo hilo hulima pia biti za sukari, na mjini hapo pana kiwanda cha sukari kilichofunguliwa mwaka 1925. Vijijini tuliona makanisa ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya gumegume, na hapa na pale nyua za miti zikigawa shamba na shamba.

Tukiri wazi kwamba tulipoingia msituni tulivunjika moyo. Tulikuwa tumetazamia miti mirefu ambayo mkono wa mwanadamu haujaigusa. Tulichokuta ni visiki. Sehemu moja ilikuwa imekatwa yote majira ya baridi yaliyotangulia, na fito zake zimepangwa katika marundo. Mmoja wetu alinong'ona kwamba wakata miti haramu wamekwisha kupita.

Tulikuwa tumekosea. Ukataji huo ndio uliouhifadhi msitu. Miti kama heizeli na eshi hukatwa karibu na ardhi wakati wa baridi, ikiwa haina majani. Kisiki hakifi. Majira ya kuchipua yakifika, hutoa machipukizi mengi yaliyonyooka, nayo huachwa yakue miaka kumi, ishirini au zaidi kabla ya kukatwa tena. Msitu hugawanywa katika vipande, na kila mwaka hukatwa sehemu ndogo tu, huku mialoni michache ikiachwa irefuke kwa ajili ya mbao za kujengea. Hivyo daima pana kipande kilichokatwa jana, kipande kinachokua, na kipande kinachongojea zamu yake. Mwanga wa jua ukifika chini, maua yaliyokuwa yamezimwa na kivuli huchanua kwa wingi. Tuliyaona kwa macho yetu, ya manjano na meupe, yametanda katikati ya visiki.

Kumbukumbu za maandishi zinaonyesha kwamba Bradfield Woods umekatwa kwa utaratibu huo tangu mwaka 1252. Oliver Rackham, mwanachuoni wa Cambridge aliyeandika sana juu ya historia ya misitu ya Uingereza, alieleza habari za kisiki kimoja cha eshi humo ambacho alikadiria kuwa na umri wa miaka elfu moja hivi. Mti ambao haukukatwa kamwe hauishi umri huo. Kukatwa kwa kipimo kumeurefushia maisha.

Wenye msitu na wasio nao

Ndugu zetu, sehemu inayofuata inatuhusu sisi watu wa Kanisa, wala si vema tuifiche. Katika Zama za Kati msitu huo ulikuwa mali ya abasia ya Wabenedikto wa Bury St Edmunds, mojawapo ya abasia tajiri kuliko zote nchini humo. Jina la sehemu moja ya msitu, Monks' Park, latokana na wamonaki hao. Tunawasifu kwa kuutunza. Walijua kwamba anayekata kila kitu leo atawaachia wajao baridi na njaa.

Lakini watunzaji hao wa miti hawakuwatendea haki majirani zao daima. Abasia iliutawala mji mzima, masoko yake na ushuru wake, na ikawanyima watu wa mji uhuru wa kujiendeshea mambo yao. Mwaka 1327 watu hao waliasi, wakaipora abasia na kuziharibu hati zake. Mwaka 1381, wakati wa maasi makubwa ya wakulima, mkuu wa wamonaki aliuawa. Hatusifu damu iliyomwagika. Tunasema tu kwamba mtu aweza kuwa mpole kwa mti na mgumu kwa jirani, na kwamba utunzaji usio na haki haudumu katika amani. Abasia ilifungwa mwaka 1539 kwa amri ya Mfalme Henry VIII, na leo magofu yake ni bustani ya umma.

Msitu ulibaki. Ulipita katika mikono ya wamiliki wengine, na vizazi vya watu wa vijijini viliendelea kupata humo kuni, fito za nyua na mipini ya zana. Katika kijiji cha jirani palikuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza reki za mbao kilichotegemea fito zake.

Kilicho halali na kilicho haki

Hatari kubwa kuliko zote ilikuja katika karne ya 20, wakati wa amani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa bado wanaikumbuka njaa. Mgao wa chakula uliisha mwaka 1954 tu. Serikali iliwalipa wakulima ruzuku ili waongeze mavuno, na hata ili wang'oe nyua za miti mashamba yapate kuwa mapana. Katika hali hiyo, miaka ya 1960, sehemu kubwa ya Monks' Park iling'olewa, visiki na mizizi, ikageuzwa kuwa shamba.

Hebu tulifikirie jambo hilo. Kilichotunzwa kwa miaka zaidi ya 700 kiliondolewa kwa muda mfupi. Wala hapakuwa na mwizi. Mwenye ardhi alikuwa na haki yake kisheria, taifa lilitaka chakula, na mashine zilikuwapo. Ndiyo maana twasema kwamba kilicho halali hakiwi haki kwa sababu hiyo peke yake. Sheria huuliza ardhi ni ya nani. Haki huuliza pia nani aliitunza kabla yake, na nani ataihitaji baada yake.

Sehemu iliyosalia iliokolewa kwa sababu watu walisema hapana. Wenyeji na wapenzi wa viumbe walipaza sauti, na mwaka 1970 chama cha kitaifa cha hifadhi kiliununua msitu uliobaki. Leo unatunzwa na chama cha hifadhi cha Suffolk, na ukataji wa zamu unaendelea kama zamani. Lakini msitu uliokwisha kung'olewa haukurudi. Tulisimama ukingoni tukatazama ngano ikiota mahali pake. Ilikuwa ngano nzuri, nasi hatukujua tufurahi au tuhuzunike.

Njia ya miguu

Jambo la mwisho tuliliona tulipokuwa tunatoka. Njia nyembamba ilipasua katikati ya shamba la mtu, nasi tukasita, tukidhani tunavunja sheria. Mwenyeji wetu alicheka akatuonyesha kibao kidogo. Njia ile ni haki ya umma. Mwenye shamba akiilima hana budi kuirudisha katika muda uliowekwa na sheria, na hana ruhusa ya kuifunga.

Haki hiyo haikutolewa kama zawadi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wengi, na wanyonge wengi wakapoteza malisho na kuni zao. Tarehe 24 Aprili 1932, mbali na Suffolk, mamia ya vijana wafanyakazi walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Watano kati yao walifungwa gerezani. Mwaka 1949 ikaja sheria iliyoagiza njia za umma ziandikwe katika ramani rasmi, na mwaka 2000 nyingine iliyofungua sehemu za milima na nyika kwa watembeao kwa miguu. Hata hivyo njia isiyotembelewa humezwa na magugu. Wanaoilinda kweli ni wale wanaoipita.

Kazi bado ipo

Msidhani hadithi imekwisha. Mwaka 2012 ulithibitishwa nchini Uingereza ugonjwa wa ukungu uliotoka Asia ya Mashariki, ambao huua miti ya eshi. Visiki vilivyovishinda vita na wafalme sasa vinatishwa na kitu kisichoonekana kwa jicho. Paa nao hula machipukizi, hata inabidi vipande vilivyokatwa vizungushiwe uzio. Kila kizazi hupokea kazi ambayo kilichotangulia hakikuimaliza.

Tulirudi kutoka Bradfield na jambo moja moyoni. Mali ya wote haidumu kwa kufungiwa wala kwa kuachiwa kila mwenye nguvu. Hudumu pale inapotumiwa kwa kipimo, mlango ukiwa wazi kwa jirani, na pale wanaoitegemea wanapokuwa tayari kusimama siku inapotishwa. Kisiki huchipua tena, mradi mzizi haujang'olewa.

Tunawaachia maswali matatu ya kujadili katika jumuiya zenu:

1. Ni mali gani tunayoitumia pamoja, na nani kati yetu amefungiwa nje yake?
2. Ni jambo gani halali tunalolijua ambalo dhamiri zetu zinatuambia si haki?
3. Ni njia gani tuliyoachiwa na wazee wetu ambayo inaota magugu kwa sababu tumeacha kuipita?