"Mambo?": Maamkizi ya Kiswahili katika Tiba ya Virusi vya UKIMWI

Mhadhara huu unahusu neno moja la Kiswahili lililotumwa kwa simu kila wiki kwa wagonjwa nchini Kenya. Suala la msingi ni hili: neno hilo lilikuwa kumbusho, au lilikuwa maamkizi?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi waliandikishwa katika vituo vitatu vya afya, viwili Nairobi na kimoja Kajiado. Kati yao 273 walitumiwa ujumbe "Mambo?". Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48: "Sawa" au "Shida". Aliyetaja shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumiwa ujumbe walioeleza kuwa walifuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62. Wasiotumiwa, asilimia 50. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Kwa mtazamo wa isimujamii, ujumbe huo una sifa mbili. Kwanza, hautaji dawa wala ugonjwa. Ndugu au jirani akiishika simu, ataona salamu ya kawaida tu. Pili, maamkizi ya Kiswahili huja kwa jozi: aliyeamkiwa hudaiwa jibu, na kimya chake huzua swali.

Hata hivyo, ipo hoja ya kupinga. Katika utafiti mwingine, uliofanyika Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2011, makumbusho ya kila wiki yasiyodai jibu yalisaidia pia. Ya kila siku hayakusaidia, na maneno ya ziada ya kutia moyo hayakuongeza kitu. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba maamkizi peke yake ndiyo yaliyoleta tofauti.

Mchango wa maamkizi uko kwingine. Kwa desturi, Mswahili huitikia kwa heri kwanza, hata akiwa mgonjwa: husema "nzuri", kisha "ila". Ujumbe wa neno moja haumwachii nafasi ya "ila" hiyo. Kulitaja neno "Shida" kuwa jibu halali kulimpa mgonjwa ruhusa ya kulitanguliza tatizo bila kuonekana amekosa adabu. Vivyo hivyo, "Sawa" haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kamili wa uzima, kwani huenda ikawa ni adabu tu.

Aidha, "Mambo?" ni salamu ya marika. Ikitoka kwa muuguzi kijana kwenda kwa mzee anayestahili "Shikamoo", yaweza kusikika kama utovu wa heshima. Anayekusudia kuuhamishia mpango kama huu katika lugha au jamii nyingine hana budi kuchunguza kwanza nani humwamkia nani, na kwa neno gani mtu huruhusiwa kukiri kwamba hali si njema. Uchunguzi huo ni kazi ya mwanaisimu, na unapaswa kutangulia ujumbe wa kwanza kutumwa.