Injini Inazunguka, Lakini Haiwaki

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni
Masomo: Yoshua 7, Zaburi 32

Asubuhi ya leo nataka kuwaeleza habari za gari lililokataa kuwaka. Usiseme, "Mimi sina gari, basi haya hayanihusu." Ngoja kidogo, nawe utaona.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kutunza pikapu ya kanisa, pikapu kuukuu yenye kabureta. Katika ushirika wetu alikuwako mama mjane mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa amengoja miezi mingi kupata nafasi ya kupasuliwa hospitalini Kisumu. Mwishowe siku ikapangwa: Jumanne, na saa mbili asubuhi awe amefika. Wazee wakanipa shilingi 2,000 za mafuta ili nikamchukue kwao, huko nyuma ya mashamba ya mpunga ya Ahero.

Jumatatu jioni nikafika Ahero. Nikavipita vituo vya mafuta, nikasimama kwa mtu auzaye petroli ya mitungi kando ya njia, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Nikajaziwa. Nilipokwenda kulala kwa jamaa yangu, mfukoni mwangu mlikuwa na shilingi 600 zilizobaki. Nilijiambia kwamba hizo ni za jasho langu, na kwamba kanisa halitapungukiwa na kitu.

Usiku ule mvua ilinyesha sana, kama inyeshavyo Kano. Saa kumi na mbili alfajiri mama akaletwa na mjukuu wake, akapanda mbele, kadi yake ya hospitali ikiwa mapajani, imefungwa katika karatasi ya nailoni. Nikawasha. Injini ikawaka kwa muda wa pumzi moja, ikakohoa, ikazima. Nikapiga stata tena. Injini ikazunguka kwa nguvu, lakini haikuwaka. Mara ya tatu, ya nne, ya kumi. Inazunguka tu, haiwaki.

Ndugu zangu, ukigeuza ufunguo ukasikia kimya, au "tak" moja tu, mara nyingi shida ni betri, au stata, au nyaya zake. Lakini injini ikizunguka vizuri na isiwake, basi betri na stata zimefanya kazi yao. Shida iko ndani zaidi. Injini ya petroli inahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake, mchanganyiko huo kushindiliwa barabara ndani ya silinda, na cheche ya moto katika plagi, kwa wakati wake hasa. Likikosekana moja, utapiga stata mpaka jioni. Stata ni mtumishi tu. Huizungusha injini mpaka ishike moto wake yenyewe, kisha huiacha. Nayo hula nguvu ya betri, na betri haijazwi tena mpaka injini iwake. Kwa hiyo kila ninapoikamua stata bure, ninakula akiba.

Ndivyo nilivyofanya. Tena niliomba. Nilisema kwa sauti, mama akisikia, "Bwana, tusaidie." Na kila nilipoomba nilipiga stata, na kila nilipopiga stata sauti ya injini ilizidi kulegea.

Jamaa yangu akaleta fundi, kijana wa pale pale sokoni. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mzee, acha stata. Unaua betri." Akafungua boneti. Kabla hajagusa kitu akauliza, "Mafuta haya ulijaza wapi?"

Nikajibu kwa sauti kubwa, "Kituoni."

"Lini?"

"Jana jioni."

Akasema, "Basi tuyaache mafuta. Usiku kulikuwa na mvua, labda unyevu umeingia kwenye umeme wa plagi."

Akaanza kazi hapo. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akakipangusa ndani kwa kitambaa kikavu. Akakausha nyaya za plagi moja moja. Akasugua pointi kwa msasa laini. Ilikuwa kazi safi, ya mtu ajuaye kazi yake, nayo ilichukua zaidi ya nusu saa. Lakini alikuwa akitafuta mahali ambapo ugonjwa haukuwapo, kwa sababu mimi ndimi niliyempeleka huko.

Alipomaliza, injini ikazunguka, na haikuwaka. Akang'oa plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha na chuma cha injini, mbali na petroli, akaniambia nipige stata kidogo tu. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo," akasema. Kisha akaitazama ile plagi vizuri. Ilikuwa imelowa. Akaipangusa kiganjani, akanusa. Akang'oa ya pili, akanusa tena. Hakusema neno. Akachomoa mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta, akakinga kidogo katika chupa nyeupe, akaiweka chini. Mjukuu wa mama alitaka kuishika. Fundi akamwambia, "Usiitikise. Iache itulie."

Tukasimama tukiitazama chupa ile. Baada ya kitambo kidogo ikajitenga yenyewe: juu petroli, chini maji, na katikati mstari ulionyooka. Maji ni mazito kuliko petroli. Jana yake mwendo uliyatikisa tangini, yakapita kidogo kidogo pamoja na mafuta. Usiku gari liliposimama, yakazama chini kabisa, pale pale mpira unapovuta.

Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ni kituo gani hicho?"

Wasikilizaji, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ningaliweza kusema ni mvua, kifuniko cha tangi ni kibovu. Hakuna ambaye angalinipinga. Lakini nikamwona yule mama ameketi mbele, amenyamaza, mikono juu ya kadi yake. Nikasema, "Si kituoni. Nilinunua ya mitungi, nikabakiza pesa ya kanisa."

Fundi hakucheka, wala hakunihubiria. Alisema tu, "Ungaliniambia saa ile, sasa mngalikuwa Nyamasaria."

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Akafungua skrubu ya chini ya tangi, akamwaga yote. Akasafisha kikombe cha chujio na bakuli la kabureta, akaupuliza mpira. Zile shilingi 600 nikampa mjukuu, akaenda mbio kituoni na mtungi safi. Tukamimina, tukangoja pampu ivute, nikapiga stata. Mara ya tatu ikawaka, ikanguruma kama siku zote.

Lakini muda haukurudi. Ahero mpaka Kisumu ni zaidi ya kilomita 20, na siku ile magari yalikuwa mengi. Tulifika hospitalini saa tatu imepita, orodha ya siku imekwisha kufungwa. Mama akaambiwa arudi baada ya majuma matatu. Majuma matatu ya giza, kwa ajili ya shilingi 600. Tulipokuwa tukirudi nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, macho yangu ni mabovu, lakini masikio ni mazima. Kijana alipokuuliza mara ya kwanza, sauti yako ilikuwa kubwa kuliko swali lake." Kisha akanisamehe. Jumapili ile nilisimama mbele ya wazee, nikawaambia kama nilivyowaambia ninyi leo. Lilikuwa jambo gumu kuliko lile la Ahero, maana fundi alikuwa mgeni kwangu, lakini hawa walikuwa wameniamini.

Sasa fungueni kitabu cha Yoshua, mlango wa 7. Israeli wamepigwa katika mji mdogo wa Ai, na watu kama 36 wamekufa. Yoshua ameanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, akiomba na kulia. Na Mungu anamjibu nini? Anamwambia ainuke. Anamuuliza kwa nini amelala hivyo. Ndani ya kambi kuna kitu kilichofichwa, kwa hiyo kazi ya sasa ni kukitafuta. Na tazama jinsi kinavyotafutwa: kabila kwa kabila, kisha jamaa, kisha nyumba, kisha mtu mmoja mmoja, mpaka wakafika hemani mwa Akani, na vitu vile vimefukiwa chini ardhini. Akani alijua tangu mwanzo. Angaliweza kusema wakati wowote. Alinyamaza mpaka kura ikamwangukia yeye mwenyewe.

Wapenzi, sikatazi maombi, hasha! Lakini yako maombi ambayo ni kupiga stata tu. Kanisa linaweza kukesha usiku kucha likiomba Mungu azidishe sadaka, na daftari la sadaka halijafunguliwa mbele ya washiriki kwa miaka miwili. Mume na mke wanaweza kuomba pamoja kila jioni ili nyumba ipate amani, na mmoja wao ana deni ambalo mwenzake halijui. Kwaya huimba, vikao hukaa, ngoma hulia, injini inazunguka kwa nguvu. Lakini haiwaki! Na akiba ya mioyo ya watu inakwisha kidogo kidogo, mpaka siku moja unageuza ufunguo usisikie kitu.

Mwingine atasema, "Magari ya siku hizi si kama hiyo pikapu yako." Ni kweli. Pampu imo ndani ya tangi na huendeshwa kwa umeme, kompyuta hupima mafuta, na fundi huja na mashine ya kusoma hitilafu. Lakini mashine hiyo haitamwambia ulinunua mafuta wapi. Hilo ni lazima useme wewe.

Kwa hiyo nawaachia mashauri matatu, yafaayo gari na yafaayo roho. La kwanza, acha stata. Gari likikataa, usipige zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Pumzisha, kisha fikiri. La pili, tafuta kwa taratibu, jambo moja moja, tena acha chupa itulie. Mambo mengi ya maisha yetu hayaonekani kwa sababu tunayatikisa mchana na usiku. Keti kimya mbele za Mungu hata robo saa, nawe utauona ule mstari, maji yako wapi na petroli iko wapi. La tatu, mwambie fundi kweli mara ya kwanza anapouliza. Daudi katika Zaburi ya 32 anasimulia jinsi alivyodhoofika alipokaa kimya na dhambi yake, na jinsi alivyosamehewa alipoacha kuificha. Mungu hakuulizi kwa sababu hajui. Anakuuliza ili ugonjwa ushikwe pale ulipo, nawe usipoteze muda wa wale uliowapakia. Maana hatusafiri peke yetu. Karibu nawe yuko mtu ameketi kimya, ameshika kadi yake, akingoja.

Yule mama alipasuliwa baada ya yale majuma matatu. Nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa mafuta ya kituoni. Jicho lilipofunguliwa akanitazama kitambo, akasema, "Kumbe ndiwe huyu." Nami nilifurahi kwamba alikuwa amekwisha kunijua kabla hajaniona.

Tuombe. Ee Baba, wewe wajua kilichofukiwa chini ya hema zetu. Tupe moyo wa kusema kweli leo, kabla saa haijapita. Utusamehe, na uwaponye wale waliocheleweshwa na sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.